Nani Alimwambia Aguse BIOS?

Ile video ya fundi anayeunda kompyuta mpya mmeshaitazama, wengine mara mbili, kwa hiyo sitaisimulia kuanzia mwanzo. Nataka tukae kwenye dakika moja tu: pale fundi, baada ya kuangushwa mara tatu na kisakinishi cha Windows 11, anapochomeka flashi nyingine na kumwambia mwenye kompyuta, "Tulia bosi wangu, hii ni BIOS ya zamani tu." Kazi iliharibikia hapo. Kilichofuata kilikuwa kuhesabu hasara.

Nimpe haki yake kwanza, kwa ufupi. Prosesa aliikalisha vizuri, pasta haikuzidi, nyaya alizipitisha nyuma kwa adabu, na SSD aliifunga chini ya bamba la kupozea bila kusahau kubandua ile nailoni. Safi. Tuendelee.

Mashine yenyewe: Ryzen ya familia ya 7000, mazabodi mpya ya AM5, na vijiti vinne vya DDR5, GB 16 kila kimoja, vilivyotoka kwenye pakiti mbili za vijiti viwili viwili. Alipowasha, kioo kilikaa cheusi dakika kadhaa huku bodi ikijipatanisha na RAM. Hakubabaika, akasubiri, na hilo nalo ni la kupongezwa, maana wengi wangeshachomoa waya. Halafu akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza EXPO, ile swichi ya kuzidisha kasi ya RAM, ikatokea 6000, akapiga picha. Ile picha ndiyo chanzo cha balaa lote.

Sasa zile mara tatu. Ya kwanza, kisakinishi kilikomea asilimia 38 na kosa 0x80070570, lile la faili kuharibika au kutosomeka. Akabadilisha flashi. Sawa kabisa, ndipo pa kuanzia. Ya pili, kwa flashi mpya, kazi ikapita pale ilipokwama mwanzo, ikafika 71, kisha skrini ya bluu: MEMORY_MANAGEMENT. Ya tatu haikufika hata kwenye kuchagua diski. Bluu tena, safari hii IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL.

Aliyezoea kupiga Windows anajua kulisoma hilo. Flashi mbovu, au ISO iliyoshuka nusunusu, kwa kawaida hukwama palepale, kwenye faili lilelile, kwa kosa lilelile. Unaweza kuweka saa kwa jinsi inavyojirudia. RAM isiyotulia haina makazi. Leo data inayoangukia kwenye sehemu yenye kasoro ni faili la Windows, kesho ni draiva, keshokutwa ni kisakinishi chenyewe, na kila mara kosa linabadilisha jina. Kosa linalohamahama ndilo ushahidi wenyewe. Na kosa la pili lilikuwa limeandika kumbukumbu kwa herufi kubwa! Mgonjwa amekuonyesha jino kwa kidole, wewe unamfunga goti bandeji.

Wapo walioandika kumtetea kwamba BIOS ilikuwa inaziona GB zote 64, kwa hiyo RAM ilikuwa nzima. Hapana. BIOS kuiona RAM maana yake ni kwamba kila kijiti kimejitambulisha kupitia chipu yake ndogo ya taarifa: ukubwa huu, kasi hii, mtengenezaji fulani. Bado hakuna aliyeibana sawasawa. Anayeibana kwa mara ya kwanza ni kisakinishi. Kinapowaka kutoka kwenye flashi, faili la boot.wim linapakiwa lote kwenye RAM na kuwa diski ya kubuni, ile X: mnayoiona mkifungua dirisha la amri kwa Shift na F10. Kisakinishi kinaishi ndani ya RAM. Kisha kinaanza kufumua install.wim, faili la magigabaiti lililobanwa kweli kweli, kipande kwa kipande. Biti moja ikigeuka, data haifumuki sawasawa, unaweza kupewa 0x80070570 na kuanza kuisingizia flashi.

Turudi kwenye BIOS. Hoja yake, niseme ukweli, haikuwa ya kipumbavu. Kwenye AM5, BIOS mpya huja na AGESA mpya, yaani msimbo wa AMD wa kuiandaa prosesa na RAM, na matoleo yale yamewahi kutuliza RAM nyingi zilizokuwa zinasumbua. Kama angeniambia, "Nitaisasisha BIOS kwa sababu nashuku RAM," ningemwelewa. Lakini unaisasisha ukiwa umesimama wapi? Alikuwa amesimama juu ya RAM ileile iliyomwangusha mara tatu, vijiti vyote vinne vikiwa mahali pake, EXPO ikiwa imewashwa kwa 6000.

Fikirini kinachotendeka pale. Programu ya kuandikia BIOS iliyomo kwenye bodi inalisoma faili kutoka kwenye flashi, inaliweka kwenye RAM, inalikagua saini, halafu inafuta chipu na kuanza kulimwaga humo. Ukaguzi wenyewe unafanyika ndani ya RAM hiyohiyo inayodanganya. Faili likikaguliwa likaonekana zima, kisha biti ikageuka sekunde moja baadaye, kinachoandikwa sicho kilichokaguliwa. Na mashine ikiganda katikati ya kuandika, ndipo tulipofika. Windows ikikufia katikati unaanza upya, umepoteza nusu saa. BIOS ikikufia katikati, mashine yenyewe haina pa kuanzia, kwa sababu aliyetakiwa kuianzisha ndiye uliyemfuta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kitufe kilikuwepo. Rudisheni video hadi pale anapochomeka waya wa mtandao, mtazame nyuma ya kasha: karibu na mlango mmoja wa USB uliozungushiwa alama kuna kitufe kidogo. Kila kampuni inakiita jina lake, lakini kazi ni moja: unaweka faili la BIOS kwenye flashi ya FAT32 kwa jina linalotakiwa, unachomeka kwenye mlango ule, unabonyeza, na chipu inaandikwa bila kuitegemea prosesa wala RAM. Hata kama bodi iko mezani haina kijiti hata kimoja. Kilibuniwa kwa siku kama ile. Mwenye bodi amelipia kitufe kile, na fundi wake hakukigusa.

Njia nyingine ilikuwa rahisi kuliko hiyo: zima EXPO, chomoa vijiti viwili, bakiza A2 na B2, yaani tundu la pili na la nne kuanzia kwenye prosesa, halafu sasisha BIOS yako kwa amani kama bado una hamu nayo. Ni kazi ya dakika tano. Nina hakika asingekuwa na hamu tena, kwa sababu kabla ya kufika kwenye BIOS angejaribu kupiga Windows na ingepita.

Sijataja umeme. Sikuona UPS popote kwenye meza ile, na umeme wetu tunaujua. Hilo liacheni, bahati ilimsaidia, haukukatika. Mashine iliganda yenyewe, kioo kikazima, na ile taa ya njano ya DRAM pembeni ya bodi ikawaka na kubaki inawaka. Hapo ndipo alipotamka kwamba bodi imekufa.

Wanaonisoma siku zote wanajua nilivyo na vijiti vinne. Nimesema tangu DDR5 inaingia sokoni na nitasema tena: vijiti vinne ni pambo. Hata AMD haifichi. Kwa Ryzen 7000 imeandika 5200 kwa vijiti viwili na 3600 kwa vinne. Kutoka 3600 hadi 6000 siyo hatua, ni kuruka mtaro usiku. Tena pakiti mbili, hata kama jina na rangi ni moja, hazikupimwa pamoja kiwandani. Ndani yake chipu zinaweza kuwa za watengenezaji tofauti. Na EXPO, kama XMP ya Intel iliyoitangulia tangu enzi za DDR3 mwaka 2007, ni kuzidisha kasi kuliko kiwango rasmi, ingawa kwenye mipangilio imewekwa kama swichi ya taa ya sebuleni. AMD inaihesabu hivyo hadi kwenye maandishi ya dhamana. Wauzaji wanaibonyeza kabla hata mfumo wa uendeshaji haujaingia, ili picha ya tangazo itoke na namba kubwa.

Haya si mapya. Mwaka 2005 Raymond Chen wa Microsoft alieleza ripoti za programu kuanguka ambazo hazikuwa na maana yoyote: prosesa ilikuwa inashindwa kwenye amri ya kuifanya rejista kuwa sifuri, amri ambayo haigusi kumbukumbu wala haina namna ya kushindwa. Walipowauliza wenye mashine, kumbe kasi ilikuwa imezidishwa. Na baadhi yao hawakuwa na habari, maana dukani waliuziwa hivyo bila kuambiwa. Somo la 2005 limetufikia na hatujalifungua.

Mafundi wa zamani wasingeanguka hapa, na msiniambie ni uzee unasema. Wale wa enzi ya Windows 98 na XP walikuwa na masikio. BIOS ya Award ikitoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, fundi hakuinua hata kichwa, mkono ulikuwa tayari kwenye kadi ya picha.  Na bodi isiyolia ilichomekewa kadi ya POST, ile yenye tarakimu mbili nyekundu. Ikisimama kwenye C1 ya Award, umeshajua unapambana na RAM. Mtu aliyewahi kubonyeza F6 na kulisha disketi ya draiva ili XP iione diski ya SATA hawezi kuona kosa linalohama akasema ni BIOS ya zamani.

Walikuwa pia na Memtest86 ya Chris Brady, iliyoanza 1994, kwenye disketi au CD iliyochubuka. Kompyuta mpya ilikuwa hailali bila kupitia humo. Leo kisingizio hakipo: PassMark wanaitoa MemTest86 bure, na ndugu yake Memtest86+ ilifufuliwa 2022 kwa toleo la 6 linalowaka kwenye UEFI na kuijua DDR5. Hata Windows ina kipimo chake tangu Vista, dhaifu lakini kipo. Flashi moja ya zamani yenye programu hiyo ingemaliza video ile kwenye nusu ya muda wake. Mistari ikigeuka myekundu, unatoa vijiti, unapima kimoja kimoja kwenye tundu moja. Ukijua kijiti kinachofeli, unakihamishia tundu lingine kuhakikisha si tundu. Vyote vikipita kimojakimoja na kufeli vikiwa pamoja, huenda hakuna kilichokufa: unashusha kasi, umemaliza.

Sehemu ya pili ya video imetoka, na ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Ameleta bodi mpya ya aina ileile, amepiga Windows, imepita mara moja, na ametangaza kwamba bodi ya kwanza ilikuwa mbovu kutoka kiwandani. Walioandika chini yake wamepiga makofi. Lakini tazameni mikono yake. Safari hii aliweka vijiti viwili tu, "kwa kuanzia." Na bodi mpya, kama bodi zote zinavyotoka boksini, ilikuwa na EXPO imezimwa, hakuigusa. Amebadilisha mambo matatu kwa mpigo: bodi, idadi ya vijiti, kasi ya RAM. Kisha sifa zote akazipa bodi, ambayo kati ya hayo matatu ndiyo pekee isiyo na ushahidi wowote dhidi yake. Ile ya kwanza iliwaka, ikazitambua GB 64, ikafanya kazi hadi alipoifuta BIOS yake. Kitufe kile cha nyuma kingeweza kuirudishia BIOS, na kikishindwa, mtu mwenye CH341A, kile kifaa cha kuandikia chipu, na klipu ya miguu minane angeiwasha jioni ileile. Ikirudishwa dukani kwa dhamana, muuzaji naye ataambiwa habari isiyo ya kweli.

Mwenye kompyuta ameahidiwa kwamba vijiti viwili vilivyobaki vitaongezwa wiki ijayo na "tutairudisha 6000 yetu." Kabla ya hapo, kila kijiti kipimwe peke yake kwenye A2, EXPO ikiwa imezimwa, usiku kucha kama ni lazima. Vikipita, viwekwe vyote vinne kwa 3600 na Windows iachwe ifanye kazi siku kadhaa kabla ya mtu kugusa chochote. Na kama bosi yule anataka GB 64 zenye kasi, arudishe pakiti zote mbili anunue moja yenye vijiti viwili vya GB 32.