Pongezi kwa Wajuzi wa Msitu wa Mchelelo

Anayetafuta makumbusho ya misitu huku Tana River, na ashuke kusini mwa Hola hadi Mchelelo, ndani ya hifadhi iliyotengwa mwaka 1976. Humo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabei mwenye kishungi, wanyama wasiopatikana kokote duniani ila katika misitu ya sehemu ya chini ya Mto Tana.

Sifa zangu nazielekeza kwa Wapokomo wanaowaongoza wageni na kuwasaidia watafiti. Wao ndio wanaokuonyesha mkuyu unaozaa na mkindu ambao mangabei huufuata kwa tende zake. Kisha wanakueleza kwa nini msitu ni ukanda mwembamba tu. Maji yaliyo chini ya udongo na mafuriko ya mto ndiyo uhai wake. Ukisogea mbali kidogo, ni nyika kavu. Mto ukihama, miti iliyoachwa nyuma hufa polepole. Mabwawa ya juu, kama Masinga lililokamilika 1981, nayo yamebadilisha mafuriko hayo.

Elimu hiyo hupatikana kwa kukulia kando ya mto. Hongereni sana, na shule za Hola ziwalete watoto wawasikilize.