Mingoyo: Kerneli Ilisema, Fundi Hakusikiliza

Diski ya ile kompyuta ya Linux ya duka haikuwa na sababu ya kufutwa. Nalisema mapema kwa sababu mliokuwepo pale dukani Mingoyo mlianza kumtetea fundi hata kabla chai haijapoa.

Haki yake nampa. Alikagua kebo, akapima RAM, akawasha kwa flashi, akasoma SMART: diski ni nzima. Kazi safi.

Halafu akafungua programu ya kusakinisha na kuchagua "Erase disk".

Skrini ilikuwa imegota kwenye ule mstari mnaoujua: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Fundi alisoma nusu ya kwanza, akahukumu kwamba mafaili yamekufa. Ushahidi ulikuwa kwenye mabano. Sifuri mbili maana yake kerneli haikuiona diski kabisa. Haikufika hata kuigusa ext4, sasa itajuaje kama imeharibika? Ingekuwa (8,2), yaani sda2, tungebishana. Lakini (0,0), kwenye mashine iliyotoka kusasishwa kerneli, mshukiwa wa kwanza ni initramfs, kifurushi kinachoisaidia kerneli kuifikia diski wakati wa kuwaka: haipo, au imeandikwa nusu. Na /boot aliipandisha yeye mwenyewe, df ikaonyesha asilimia 100, imejaa kerneli kuukuu, initramfs mpya isipate nafasi. Akapita kama hakuona!

Msiniambie umeme ulikatika. Ulikatika, ndiyo, na nimeshaandika vya kutosha kuhusu gesi yetu ya Songo Songo inayofua umeme wa Dar es Salaam tangu 2004 huku sisi wa Lindi tukitafuta mishumaa. Ila ext4 huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, kama ext3 ilivyofanya tangu 2001. Umeme kukatika mara moja hakuiui kirahisi hivyo.

Dawa ilikuwa kushikilia Shift mashine inapowaka, GRUB itoe menyu, uchague kerneli ya zamani. Ikigoma, flashi ileile ingetosha: pandisha mzizi na /boot, unganisha /dev, /proc na /sys, ingia kwa chroot, ondoa kerneli zisizotumika, kisha update-initramfs -c -k all na update-grub. Haili hata senti ya bando, na bando ndilo lililokuwa kisingizio chake.

Wazee wa Knoppix wasingefanya hivi. CD ile ya Klaus Knopper ilipotoka mwaka 2000, fundi wa kweli aliipandisha diski ya mteja kwa kusoma tu, akanakili mafaili kwanza, ndipo akaanza kushika nyundo. Hawa wa leo wamekulia kwenye "piga Windows upya", wakahamia Linux na tabia yao ileile.

Kuna aliyesema superblock zina nakala, tuanzie 32768. Zilikuwa nazo. Diski ikifomatiwa upya kwa vipimo vilevile, nakala hizo nazo huandikwa juu. Imebaki PhotoRec, ambayo hufukua yaliyomo lakini majina ya mafaili haiyarudishi. Mikataba ya wateja wa duka lile sasa inaitwa f0481296.odt na wenzake, na mwenye duka anaifungua mmoja mmoja kujua ni ya nani. Fundi alilipwa pesa yake yote.