Ukuta Kwanza, Samaki Baadaye: Jinsi Trauti wa Apache Alivyookolewa

Septemba 2024, serikali ya Marekani ilimwondoa trauti wa Apache katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Miongoni mwa samaki wanaovuliwa kwa ndoano kama mchezo, huyu ndiye wa kwanza kutoka katika orodha hiyo kwa sababu amepona. Kilichomwokoa ni mpangilio wa kazi, wala si wingi wa vifaranga waliomwagwa mtoni.

Makao yake ya asili ni vijito baridi vya White Mountains, mashariki mwa jimbo la Arizona. Mifugo ilikanyaga kingo na miti ikakatwa, lakini pigo kubwa lilitoka kwa trauti wa kigeni waliopandikizwa ili wavuvi wapate burudani. Trauti wa kahawia wa Ulaya, jamii ile ile iliyoletwa na wakoloni katika mito ya Aberdare nchini Kenya, walikula watoto wake. Trauti wa vijito, kutoka mashariki mwa Marekani, walimnyang'anya chakula na nafasi. Trauti wa upinde wa mvua walizaana naye, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuligundua: machotara nao huzaa, hivyo ukoo halisi huyeyuka huku mto ukionekana kujaa samaki.

Waliochukua hatua mapema ni wenye ardhi. Katika miaka ya 1940 na 1950, kabila la White Mountain Apache lilifunga vijito vyake visivuliwe. Serikali ya shirikisho ilimwingiza samaki huyo katika orodha yake mwaka 1967. Ulinzi wa kabila ndio uliohifadhi wazazi halisi. Bila wao, kazi iliyofuata isingekuwa na mbegu.

Kisha ukajengwa ukuta. Kwenye kijito kilichochaguliwa, mafundi huweka kizuizi cha zege au cha mawe yaliyofungwa kwa wavu wa chuma, kirefu kiasi kwamba samaki aliye chini hawezi kuruka kwenda juu. Mara nyingi huwekwa viwili, ili mafuriko yakibomoa kimoja kingine kibaki.

Ndipo husafishwa sehemu ya juu. Wageni wachache huondolewa kwa mashine ya umeme inayowazubaisha samaki kwa muda, na wenyeji hurudishwa majini. Wageni wakiwa wengi hutumika sumu, hasa rotenoni, kemikali ile ile iliyomo katika mmea wa utupa. Huingia kupitia matamvua na kuzuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Chini ya eneo la kazi humwagwa pamanganeti ya potasiamu ili kuibatilisha. Kwa kuwa mayai huistahimili zaidi, mara nyingi zoezi hurudiwa.

Mto ukishathibitishwa kuwa safi, huletwa trauti wa Apache kutoka vijito ambavyo vipimo vya vinasaba vimeonyesha havina machotara. Leo wataalamu hupima hata maji yenyewe, wakitafuta chembe za vinasaba zinazomfichua mgeni aliyebaki. Kwa njia hii zilifikiwa jamii 30 zinazojitegemea, idadi iliyowekwa kuwa lengo la mpango wa uokoaji.

Wavuvi hawakufungiwa nje milele. Mwaka 1975 samaki huyo alishushwa daraja la hatari, na uvuvi wenye masharti ukaruhusiwa. Kituo cha Williams Creek hukuza trauti wa Apache kwa ajili ya maji ya kuvulia, hivyo mvuvi hupata samaki bila kugusa vijito vya uzazi.

Hata hivyo, ukuta una gharama. Unaomzuia mgeni humtenga pia mwenyeji na ndugu zake, na jamii ndogo iliyofungiwa huweza kumalizwa na ukame au moto mmoja. Moto wa Wallow wa mwaka 2011, uliounguza zaidi ya hekta 200,000, ulipita katika milima hiyo hiyo. Kwa hiyo lazima kuta zikaguliwe, na ikibidi samaki wahamishwe kwa mikono ya watu.

Mamlaka yoyote inayotaka kurudisha samaki wa asili isianze kwa kununua vifaranga. Itafute kwanza kilichowamaliza wa mwanzo, ikiondoe, na izibe njia kisirudi. Vifaranga wanaomwagwa kabla ya hapo ni chakula cha wageni.