Neno "Pengine" katika Uainishaji wa Maradhi

Wahakiki wetu wamezoea kuzichungua tungo na riwaya, wakaviacha vitabu vya kazi kwa wenye kazi zao. Hata hivyo, katika vitabu hivyo mna maneno machache ambayo mfasiri akiteleza, mgonjwa ndiye aangukaye. Mfano ni kichwa cha msimbo I43 katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990.

Msimbo huo hukusanya magonjwa ya misuli ya moyo yaletwayo na maradhi mengine, kama vile dondakoo, jongo, na tezi ya shingo ifanyayo kazi kupita kiasi. Kila hali huandikwa kwa misimbo miwili: ule wa chanzo, wenye alama ya jambia, hutangulia, ule wa moyo, wenye kinyota, hauruhusiwi kusimama peke yake.

Kichwa cha Kiingereza, kikifasiriwa neno kwa neno, chasema: "Ugonjwa wa misuli ya moyo katika magonjwa yaliyoainishwa pengine." Hapa pana kasoro mbili. Kwanza, "katika" hutaja mahali tu, ilhali jambia na kinyota huonyesha chanzo na tokeo. Mfasiri atumiaye "-tokana na" haongezi neno. Anafichua lililofichwa na kihusishi cha Kiingereza. Pili, "pengine" lina maana mbili: mahali pengine, na labda. Karani mwenye haraka aweza kudhani kwamba chanzo labda kimeainishwa, labda hakikuainishwa, akakiacha. "Kwingineko" nako hakutufai, kwani kiambishi ku- huashiria mahali pasipo dhahiri. Kitabu chataja mahali maalumu: dondakoo limo katika sura ya 1, tezi katika ya 4, jongo katika ya 13, na moyo wenyewe katika ya 9.

Kosa hilo si dogo. Katika hesabu ya vifo, kanuni huuchukua msimbo wa jambia na kuuacha wa kinyota. Chanzo kisipoandikwa, mtoto aliyeuawa na dondakoo hahesabiwi miongoni mwa waliokufa kwa ugonjwa wenye chanjo.

Twapendekeza basi: "Ugonjwa wa misuli ya moyo utokanao na maradhi yaliyoainishwa katika sura nyingine." Ni kweli kwamba toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, limeziacha alama hizo, lakini haja ya kuandika chanzo pamoja na tokeo ingalipo, na kazi ya mfasiri ni ile ile.