Mwandishi, Ushahidi na Kamusi Elezo Huru: Kisa cha The Human Stain

Kuaminika kwa kamusi elezo ambazo yeyote anaweza kuzihariri aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni suala la idadi ya makosa tu. Mfano unaorejelewa mara kwa mara ni ulinganisho uliochapishwa na jarida la Nature mnamo Desemba 2005. Wataalamu waliopitia makala 42 ya kisayansi walipata wastani wa makosa manne hivi katika kila makala ya Wikipedia, na matatu hivi katika ya Encyclopaedia Britannica. Wachapishaji wa Britannica waliupinga utafiti huo mwaka 2006. Hesabu ya namna hii ina manufaa yake, lakini haimfikishi mbali mhakiki wa fasihi. Kosa la tarehe husahihishwa kwa kutazama kumbukumbu. Dai kuhusu asili au maana ya riwaya halina mizani nyepesi kama hiyo. Makala haya yanashikilia kuwa swali la msingi ni lingine: kamusi elezo huru ni shahidi wa jambo gani?

Kisa cha Philip Roth, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 2018, kinalidhihirisha swali hilo. Riwaya yake The Human Stain ilichapishwa mwaka 2000. Mhusika mkuu, Coleman Silk, ni profesa mwenye asili ya Kiafrika aliyeishi akijulikana kuwa Myahudi mweupe, na anayeangushwa na neno moja alilolitamka kuhusu wanafunzi wawili wasiohudhuria masomo. Baadhi ya wahakiki walimwona humo Anatole Broyard, mhakiki wa vitabu wa The New York Times aliyefariki mwaka 1990, ambaye wengi hawakuijua asili yake ya Kiafrika alipokuwa hai. Makala ya Wikipedia yakalichukua dai hilo. Roth alipotaka liondolewe, alijibiwa kwamba hata kama mwandishi ndiye mjuzi mkuu wa kazi yake, vyanzo vya upili vilihitajika. Septemba 2012 akachapisha barua ya wazi kupitia The New Yorker, akieleza kuwa chimbuko la riwaya lilikuwa mkasa uliompata rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa Princeton, mwaka 1985. Baada ya barua hiyo, maelezo yake yakaingizwa katika makala.

Ni rahisi kukicheka kisa hiki: mwandishi kunyimwa haki ya kuisemea kazi yake, kisha kusikilizwa kwa kuwa amesema yale yale gazetini. Hata hivyo, madai mawili yamechanganywa hapa. La kwanza ni kwamba wasomaji fulani walimfananisha Silk na Broyard. Hilo ni kweli, na Roth hakuwa na uwezo wa kulifuta. Tangu Roland Barthes azungumzie kifo cha mwandishi mwishoni mwa miaka ya 1960, wahakiki wengi wamekubali kuwa mtunzi hamiliki usomaji wa kazi yake. Dai la pili ni kwamba Silk alitokana na Broyard. Hili ni dai la kihistoria kuhusu utunzi, na hapa mtunzi ni shahidi muhimu, ingawa naye hana budi kuhojiwa kama mashahidi wengine. Baina ya “amefananishwa na” na “alitokana na” kuna tofauti ya kitenzi tu, lakini ndipo ulipo uaminifu wote wa makala.

Kamusi elezo huru ina silaha moja dhidi ya mkanganyiko huu: kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe yake. Mwanafunzi aliyezoea kulinganisha miswada ya tenzi ataitambua hali hii mara moja, kwani yaliyomo ni mfululizo wa nakala zilizopitia mikono mingi. Lakini historia hiyo humfaa anayeifungua. Mwaka 2005 uzushi uliomhusisha mwanahabari John Seigenthaler na mauaji ya akina Kennedy ulikaa kwa zaidi ya miezi minne bila kuondolewa.

Athari ya kanuni ya vyanzo vilivyochapishwa ni nzito zaidi kwa fasihi simulizi. Roth alikuwa na The New Yorker. Mzee wa Lamu aliyehifadhi masimulizi kichwani hana. Wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa kuhusu wakati alioishi Fumo Liyongo, na utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913 ulitokana na mapokeo yaliyokuwa midomoni mwa watu. Chini ya kanuni hiyo, mapokeo yasiyochapishwa hayahesabiki kuwa ushahidi, ilhali dhana dhaifu iliyowahi kupigwa chapa huhesabika.

Kwa hivyo, kamusi elezo huru ni shahidi wa yaliyoandikwa, wala si wa yote yanayojulikana. Mtafiti anayeitumia kama mlango wa kuvifikia vyanzo hatapotoka sana. Anayeinukuu kama hoja atapotoka. Na pale makala kuhusu mtunzi wa Pwani yanapokuwa matupu, lawama haiwaangukii wahariri wake peke yao. Sehemu kubwa inaziangukia idara za vyuo ambazo kanda na miswada yake imebaki kabatini bila kuchapishwa.