Hongera wasaka viluwiluwi wa Dar es Salaam

Mwaka 2006, katika kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni, wakazi wa mitaa hiyohiyo walianza kunyunyiza dawa ya viluwiluwi: kumuua mbu kabla hajaota mabawa. Utafiti ulionyesha kuwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa kata hizo yalipungua.

Itazame kazi yenyewe. Msaka viluwiluwi anabisha hodi, anamwamkia mama mwenye nyumba, anapita uani mpaka kwenye dimbwi, anachota maji kwa upawa mweupe na kuinama. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala bapa juu ya maji. Cha mbu wa mtaroni huning'inia kichwa chini. Dimbwini hunyunyizwa dawa ya bakteria isiyodhuru watu wala samaki. Wiki ijayo yupo tena palepale, maana yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14.

Ni kwa huko kurudi ninapowavulia kofia. Kuchungulia mtaro mara moja kila mtu anaweza. Kuukagua kila wiki, kiangazi na masika, kunataka moyo. Wakibisha hodi kwako, tafadhali wafungulie geti.