Dhana ya Kutamalaki katika Utenzi wa Hemedi bin Abdallah

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H., wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aghalabu huhakikiwa kama utenzi wa ukinzani: Abushiri bin Salim na Bwana Heri upande mmoja, Wadachi upande wa pili. Uhakiki wa aina hiyo una mashiko, lakini huipita kwa haraka anwani yenyewe.

Kutamalaki si kushinda tu. Neno hili lina nasaba moja na milki na umiliki. Hivyo linaibua swali la mwenye nchi ni nani na aliipataje. Kwa mujibu wa nyaraka za kidola, Mrima ulihama mikono kwa hati. Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha kampuni ya Kijerumani utawala na ushuru wa forodha wa pwani hiyo kwa miaka 50. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu, ikakubali himaya yake juu ya Unguja, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland. Uingereza iliahidi kumshawishi Sultani auachilie Mrima kabisa; fidia yake ikawa maki milioni 4.

Anwani ya utenzi inayapinga masimulizi hayo. Vita ndilo neno kuu la kirai kizima. Kutamalaki kunakuja chini yake. Aidha, mwaka 1307 ulianza Agosti 1889 na kwisha Agosti 1890. Ndani yake Abushiri alinyongwa Pangani, tarehe 15 Disemba 1889. Ndani yake pia mkataba ulitiwa sahihi Berlin. Historia ya kidiplomasia huyatenga matukio haya. Kalenda ya Kiislamu inayakutanisha.

Kwa hiyo, kuusoma utenzi huu kama maombolezo ya walioshindwa ni kuupunja. Ni hoja dhidi ya hati: kilichoitwa ukodishaji na fidia kilipatikana kwa mtutu. Tena, umiliki uliotajiwa mwaka wake wa kuanza hauwezi kudai kuwa wa milele. Wadachi nao walipokonywa nchi hiyo vitani, na mwaka 1919 mkataba wa Versailles ukaihalalisha hasara yao. Kwa mara nyingine, vita vilitangulia na hati ikafuata. Na kwa mara nyingine, wenyeji hawakuulizwa.